Jiwe la Katikati

Safari ile niliipanga mimi, kituo kwa kituo, na mahali pamoja tu ambapo moyo wangu ulitaka niwepo nilibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kuhakiki. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, na nikikuta nukta imekosekana siku yangu inaharibika. Kiswahili hiki ninachokiandika hakuna aliyenifundisha darasani. Nilizaliwa Maskati, nikasoma kwa Kiarabu, na nyumbani nilikisikia Kiswahili kama mtu anavyosikia maji yakitiririka chumba cha pili. Nilijifunza kukiandika mwenyewe, kwa kumsikiliza Babu, kuandika aliyosema, kisha kumsomea. Akikuta nimekosea hanicheki. Hungoja nimalize, halafu husema, "Rudia hapo." Nampenda kwa hilo kuliko kwa mengi mengine aliyonifanyia.

Babu ni baba yake Baba. Alizaliwa Pemba, akaja Oman mtu mzima, na mke na watoto wake. Baba yake yeye alikwenda njia ya kinyume. Huyo alizaliwa katika kijiji kidogo juu ya Birkat al Mauz, chini ya mlima, akaondoka kijana hajaota ndevu, kwa miguu, nyuma ya ngamia wa watu. Akapita Izki, akapita Ibra, akashuka mpaka Sur, akapanda chombo. Hakurudi. Mama yake akafa nyuma yake, na habari ikamfikia Pemba kwa mdomo wa msafiri: amezikwa nje ya kijiji, chini ya ukuta wa ngome, kuna mkunazi upande wa kichwani.

Alipokaribia kufa na yeye, alimwachia Babu amana. Haikuwa shamba wala nyumba. Alimwambia, "Ukijaaliwa kufika, nenda kwa mama yangu umpe salamu yangu. Mwambie sikupata njia ya kurudi."

Babu ameishi Oman zaidi ya miaka hamsini na alikuwa hajenda. Kutoka kwetu Maskati hadi Birkat al Mauz si mbali. Watu huenda kula chakula cha mchana na kurudi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza sababu. Akasema mwanzo alikuwa na kazi, kisha watoto, kisha akawa anangoja Kiarabu chake kinyooke. Hakutaka kuingia kijiji cha baba yake akazungumza kama mgeni. Kiarabu hakikunyooka. Figo zikatangulia kuchoka. Nadhani wasiwasi wangu nimeuchota kwenye kisima hicho hicho.

Sasa anasafishwa damu hospitali. Leo yuko kwenye mashine, kesho anapumzika, kesho kutwa yuko tena. Mwisho wa wiki ndipo pana nafasi ndefu kidogo, na nafasi hiyo ndiyo tuliyoiomba kwa daktari. Daktari alisema nendeni, lakini arudi siku yake, na msimpe tende wala ndizi, na maji mumpimie. Alisema pia, akinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika, kwamba safari nyingine kama hii hatamruhusu.

Kwa hivyo ilikuwa hii au hakuna. Na Babu, badala ya kukubali njia fupi, akataka tuanzie Sur.

"Nataka niingie kama angeingia yeye lau angerudi," alisema. "Kutoka pwani. Mtu aliyerudi haanzii mlangoni."

Baba alikataa. Shangazi, dada yake mkubwa, akasema mzee apewe anachotaka. Nami nikaanza kupanga. Nilijua kituo kipi cha mafuta kina choo kisafi, wapi pana kivuli saa ngapi, hospitali gani iko karibu na kila mji tunaopita. Nilipakia mto wa mgongo, mwavuli, dawa kwenye vikasha, chupa ya chai ya tangawizi na mikate ya kumimina aliyoipika Shangazi. Jambo moja sikulifanya: sikumpigia simu mtu yeyote wa kijijini. Naogopa kupiga simu. Nilijiambia tutauliza tukifika, nikaliacha hivyo, nami nikahakiki upya upepo wa magurudumu.

Baba aliendesha, Babu akakaa mbele, mimi na Shangazi nyuma. Mpaka Tiwi, kwenye njia ya pwani ya kwenda Sur, kulikuwa na furaha.

"Mtoto huyu kaandika mpaka pa kukojoa," Shangazi alisema, akitazama simu yangu.

"Hapo kaandika kwa ajili yako," Babu akajibu bila kugeuka. "Mie mashine ndiyo inayonikojolea."

Baba alicheka mpaka akapunguza mwendo. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kumsikia akicheka na baba yake, na nilitaka kufurahi, lakini nilikuwa nimeona tumechelewa kidogo na nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu upya.

Sur tuliegesha mbele ya bahari, penye ukingo wa zege na kibanda cha chai. Babu akaniuliza, "Ndipo hapa alipopandia?"

"Sehemu hizi, Babu. Mahali penyewe hasa sijapapata."

Akagonga ukingo kwa bakora yake. "Basi tuseme hapa." Akaipa bahari mgongo, akasimama akiitazama barabara, magari, watoto na aiskrimu zao, kama mtu aliyeteremka sasa hivi. "Kafika," akasema. "Haya, twende."

Tulilala Sur, na asubuhi tukashika njia ya Ibra. Kila Ijumaa, baada ya chakula, Babu hutusimulia safari ya baba yake, na Ibra ndipo anapopapenda zaidi. Hapo yule kijana alishikwa na homa, msafara ukataka kumwacha, na mwanamke mmoja akampa maziwa ya mgando dirishani, siku baada ya siku, bila kuonyesha uso. Alijua mkono wake tu. Babu husimulia mkono ule kama aliuona mwenyewe: hina imefifia, pete ya fedha kidole cha mwisho.

Tuliingia mtaa wa kale. Nyumba kubwa, nyingi zimeanguka mgongo, madirisha yamebaki wazi mbingu ikionekana nyuma yake. Shangazi alikuwa ametaka soko la wanawake.

"Leo si Jumatano, Shangazi. Soko lao Jumatano."

"Ulijua tokea Maskati?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilikwambia. Ulikuwa unakaanga."

Babu alikuwa amesimama na bakora yake katikati ya njia. "Dirisha lipi?" akaniuliza.

Nilitazama yale madirisha. Ningeweza kunyoosha kidole, popote, na angefurahi. "Sijui, Babu."

"Sawa." Akaweka mkono wake begani kwangu, mzito kuliko alivyo mwili wake siku hizi. "Ndiyo maana nakutaka wewe uniandikie. Husemi kitu mpaka ukihakiki. Hawa wengine wananiambia mie ninachotaka kusikia."

"Hawa wengine ndio wanaokupikia," Shangazi akasema.

Kutoka Ibra hadi Izki Babu alinyamaza. Nilidhani amelala, kisha nikaona midomo yake inakwenda. Alikuwa anafanya mazoezi ya maneno ya Kiarabu: jina lake, jina la baba yake, ukoo, kwa nini amekuja. Alikuwa anayarudia kama mtoto anayesubiri kuitwa mbele ya ubao. Izki tukapita bila kusimama, na tulipofika kijijini jua lilikuwa linapanda.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mstaafu wa serikali, kanzu safi, anatoka bustanini kwake na kapu la majani ya mifugo. Babu akashuka, akamsalimia, akayasema maneno yake yote kwa mpangilio alioupanga. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa Kiarabu cha huko, maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili:

"Nyinyi watu wa Zinjibari mnakuja kuwasalimia waliokufa. Sisi tulio hai tumekaa hapa miaka yote hii, hamtugongei mlango."

Akacheka, na Baba akacheka kwa heshima. Babu hakucheka. Akatugeukia akasema kwa Kiswahili, "Ana haki."

Kuhusu yule mama, mwenyeji wetu hakujua kitu. Mwanamke aliyekufa zamani zile, mwanawe ameondoka, nani atabaki wa kumjua? Ukuta wa ngome aliujua. Mkunazi hajapata kuuona, ila marehemu baba yake alikuwa akisema palikuwa na mti. Akapanda gari lake akatutangulia.

Makaburi yako nje ya kijiji, mguuni mwa mlima. Gari lake liliposimama alishuka akatufuata dirishani, akamwambia Baba jambo, kwa sauti ya chini, bila kututazama mimi na Shangazi. Wanawake wangoje. Hakusema kwa ukali. Ni desturi, na hata Maskati sijapata kumwona mwanamke wa kwetu akifuata jeneza. Niliijua desturi hii maisha yangu yote. Ajabu ni kwamba katika mipango yangu yote haikunijia kwamba inanihusu mimi. Kila nilipoiwaza siku ile nilijiona nimesimama pale, nimemshika Babu mkono.

Nikampa Baba simu yangu. "Piga picha. Kaburi zima, na ukuta, na kila upande."

"Haya."

"Kila upande, Baba."

"Nimesikia, mwanangu."

Shangazi akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio wake. "Yako wapi hayo makaburi?"

"Ndiyo hayo."

Hakuna kilichoandikwa pale. Hakuna kibao, hakuna tarehe, hakuna kilichojengewa. Ni mteremko wa kokoto za kijivu, na juu yake mawe ya kijivu yamesimamishwa, mafupi kuliko goti, mengi mno, mengine yameinama. Ukiwa hujui utadhani ni mahali ambapo mtu alianza kazi akaacha. Bibi yangu, mke wa Babu, amezikwa Maskati na ana kibao chenye namba, na namba hiyo naijua kwa moyo. Niliyatazama yale mawe moja moja. Nilikuwa nimeleta ramani, na hapa hapakuwa na kitu ramani ingeweza kukishika.

Waliondoka wakitembea, Baba ameshika mwavuli, Babu ameshika mkono wa Baba. Mwenyeji aliwaonyesha kipande cha ukuta kilichobaki, akarudi nyuma kuwapa nafasi. Walifika chini ya ukuta. Baba akaanza kutazama huku na huku. Kisha Babu akashuka chini. Kutoka kwenye gari sikuweza kujua kama ameanguka au amekaa. Baba akamwinamia, wakasemezana. Halafu nikaona mikono ya Babu inapanda, imefunguliwa.

Shangazi alikuwa analia, anafuta, analia. Mimi nilikuwa natazama saa. Nayasema haya kwa sababu sina raha nayo: Babu alikuwa anaitoa amana ya umri wake wote, na mimi nilikuwa nahesabu jua limempiga muda gani.

Aliporudi uso wake ulikuwa umelainika, kama wa mtu aliyevua viatu. "Nimemwambia," alisema. "Nimemwambia, mwanao hakupata njia." Akaomba maji. Nikampimia.

Mwenyeji hakutuacha tuondoke. Wanaume waliingia barazani, sisi tukapelekwa ndani kwa mkewe, mama wa makamo ya Shangazi, mpole, aliyetufanyia nafasi kwenye zulia kama aliyekuwa akitungoja. Ikaletwa kahawa, tende, na ndizi za bustanini mwao, fupi, zenye madoa. Mlango wa kati ulikuwa wazi. Nilimwona mwenyeji anamsogezea Babu sahani ya tende. Niliona mkono wa Baba unanyanyuka, ukasimama hewani, ukarudi pajani. Babu akachukua moja, akaila polepole. Akachukua ya pili. Nani angemkatalia tende mtu aliyefika kwao?

Mama mwenye nyumba aliniuliza kama tumelipata kaburi. Nikamwonyesha picha. Sitasema uongo, nilimwonyesha kwa fahari. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda.

"Ni mama wa nani?" akauliza.

"Mama wa baba yake Babu."

"Mwanamke."

"Ndiyo, mama."

Akanirudishia simu. Akanimiminia kahawa, na kikombe changu kilikuwa hakijaisha. Kisha akasema kwa sauti ya kunihurumia, "Binti yangu, hili la mwanamume. Sisi mwanamume tunamwekea mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Mwanamke tunamwongezea na la katikati." Akaongeza, kwa ungwana tu, "Labda limeanguka."

Niliikuza picha mpaka ikachakaa kwa vidoa. Kati ya yale mawe mawili kokoto zilikuwa zimelala sawasawa, zimeshikana, rangi moja. Hakuna shimo wala alama. Hapo hapajapata kuwekwa jiwe.

Shangazi alikuwa ameelewa. Ameishi nchi hii tangu mtoto na hakuwa anajua, wala mimi. Sisi wafu wetu tunawaaga mlangoni, na Maskati wana namba. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Babu yako asilijue hili," akasema kwa Kiswahili, huku akimtabasamia mama mwenye nyumba. "Unanisikia? Asilijue."

Nilimkuta Baba nje, amechutama kwenye falaji, ule mfereji unaoleta maji bustanini, ananawa mikono.

"Baba, lile kaburi ni la mwanamume."

Akaendelea kunawa. "Najua."

"Ulijua pale pale?"

"Nimezika watu, mwanangu." Akakung'uta mikono. "Ya mawe matatu yako juu, kwenye mteremko. Nilimwambia angoje kidogo nitazame. Miguu ikamwisha. Akakaa alipokaa, akaniuliza, 'Ndiye huyu?' Nikasema ndiye."

"Ungemwambia."

"Ningemwambia nini? Inuka baba, huyu siye, na mwenyewe simjui?"

"Basi turudi. Tumpandishe. Mimi na wewe tumbebe mpaka ukingoni, halafu wewe na yule bwana mumalizie."

Hapo akaniangalia, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyopata kuuona. "Tumbebe tumpeleke kwa yupi?"

Nilisimama nikiyatazama maji yale, masafi, yanakwenda yanakojua, na nikafungua simu yangu kana kwamba humo mna kitu. Mna vituo vya mafuta. Mna namba za hospitali. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba hata ningepiga simu, hata ningehakiki mwaka mzima, hakuna mtu aliye hai anayejua ni jiwe lipi. Hilo lilipaswa kunipa nafuu. Halikunipa. Kosa linaweza kusahihishwa, na hiki hakikuwa kosa.

Mwenyeji alituaga na mkungu wa ndizi, akauweka mwenyewe nyuma ya gari. Akamshika Babu mkono. "Salamu ya makaburini ni ya wote, mzee wangu. Inawafikia wote." Babu akamshukuru, kwa Kiarabu kizuri kuliko chote nilichopata kumsikia nacho.

Gari lilijaa harufu ya ndizi. "Hizi utakula wewe," Babu alimwambia Shangazi, "mie nitakutazama." Shangazi akacheka kwa sauti kubwa mno. Baba hakucheka. Babu akamtazama mwanawe upande, akatazama mbele.

Izki tulisimama kutia mafuta. Baba alishuka kwenda dukani. Babu akazungumza bila kugeuka, kama anayezungumza na kioo.

"Baba yangu alipomzika mama yangu, Pemba, aliweka mawe matatu. Watu wakamuuliza, hili la katikati la nini? Akawaambia, kwetu mwanamke anawekewa. Mie ndiye niliyemchukulia jiwe lenyewe, mtoto mdogo, natoka nalo mtoni nimelikumbatia." Akaisogeza bakora yake. "Pale leo sikuliona."

Shangazi akajisogeza mbele. "Mvua, baba," akasema. "Huko milimani maji yakishuka yanachukua magari, seuze jiwe."

"Mvua."

"Na salamu si inawafikia wote? Si umemsikia yule bwana?"

"Nimemsikia," Babu akasema. "Mie sikutumwa kwa wote."

Baba akarudi na chupa za maji, akawasha gari, na Babu hakumwambia neno. Hakumuuliza. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu hamuulizi mwenzake jambo ambalo hataki amdanganye mara ya pili.

Siku ya mashine damu yake ilikutwa imechafuka, wakamweka muda mrefu kuliko kawaida. Nesi alikasirika. "Nani kampa tende mzee huyu?" Babu akafumbua macho. "Nimepewa kwetu," akasema, akayafumba.

Tangu hapo miezi imepita. Miguu imevimba, na daktari hataki hata kulisikia neno safari. Baba na Babu wanazungumza kuhusu dawa, kuhusu kiyoyozi, kuhusu nani atampeleka hospitali. Ijumaa tunakula, tunaondoa sinia, tunakaa, na tunangoja. Babu haisimulii tena ile safari. Mara moja Shangazi alijaribu kumwanzishia, "Basi alipofika Ibra, homa ikamshika," na Babu akasema, "Ee, ikamshika," akaomba apelekwe kitandani. Mkono ule wa dirishani, wenye pete ya fedha, sijui sasa uko wapi. Alikuwa anao yeye tu. Mimi nilikuwa nimeuandika, nikaenda kuyatazama niliyoandika, yakawa maneno tu.

Nimejaribu kumkasirikia Baba nimeshindwa. Nimejaribu kujikasirikia mwenyewe, kazi ninayoiweza vizuri, na hata hiyo haikunifikisha popote. Usiku nalala vibaya. Mchana nahakiki milango.

Wiki iliyopita, baada ya magharibi, Babu aliniambia nimsomee ninachoandika siku hizi. Nilikuwa naandika haya. Nikamsomea mwanzo, Sur na Ibra. Alipenda pa mashine na kukojoa. Nilipofika makaburini nikasoma haraka, nikapita. Nilikuwa nimeandika ukuta, mwavuli na mikono yake iliyopanda, na mawe nikayaacha.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na mlio wake ule ambao Baba amesema ataurekebisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Mvua inaweza kuchukua jiwe moja la katikati, ikayaacha mawili ya pembeni yamesimama?"

Nilijua Shangazi angesema nini, na Baba angesema nini. Nilijua pia kwamba hataondoka tena kitandani pale kwenda mbali, na kwamba mtu aliyemtuma amekwisha kufa, na aliyetumwa kwake amekwisha kufa, na katikati yao amebaki huyu mmoja, mgonjwa, na swali lake.

"Inaweza, Babu," nikasema.

Akanitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Umejibu upesi," akasema, akaniomba nimgeuze upande wa ukutani.